Kama Mmoja Hivi

Kiwandani walimwita Mzee Sufuri, na jina hilo halikumkera hata kidogo. Miaka yote alipima sabuni kwenye maabara ya kiwanda, na ole wako umpelekee jibu la gramu 2.5 wakati mizani inasoma 2.50. Alikurudisha hapo hapo. Ile sufuri ya mwisho, alisema, ni ushahidi kwamba mtu alitazama. Ukiiacha umeficha ulichokiona, na ukiiongeza bila kutazama wewe ni mwongo tu, huna jina jingine.

Akastaafu, lakini tabia ikagoma kustaafu. Muuza maziwa alishukiwa, daktari alishukiwa, fundi bomba ndiyo usiseme. Sasa zamu ilikuwa ya muuza simu mmoja, kijana mtanashati aliyekuja kumposa kitinda mimba wake. Kijana alikuwa na jibu la kila swali, nalo lilikuja haraka mno. Mzee hakumpenda, basi.

Siku moja walitaka zulia la sebuleni. Kijana akajitolea kupima chumba, akapata mita 3.2 kwa 4.1. Akabonyeza simu yake, akatangaza mita za mraba 13.12.

"Futikamba imekupa tarakimu mbili huku na mbili kule," mzee akamwambia. "Hizi nne umezitoa wapi?"

Kijana akasema simu ndiyo iliyosema. Mzee akataka kujua kama hiyo simu nayo iliinama sakafuni kupima. Hesabu, akamweleza, haiwezi kujua zaidi ya ilivyoambiwa na kipimo. Sema kumi na tatu, ukomee hapo. Binti akamkata baba yake jicho. Baadaye jikoni akamlalamikia kwamba atakosa mume kwa sababu ya desimali. Mzee akanywea. Alimpenda sana mwanawe huyu, na kumvunjia uchumba kwa shuku tupu kulimwogopesha.

Kijana naye hakuwa mjinga. Alipokuja tena, zulia likiwa limeshatandikwa, kila namba aliitanguliza na "kama". Safari ilimchukua kama saa moja. Nyumba aliyopanga ina vyumba kama viwili. Dukani wanafanya kazi kama watano hivi. Binti akatabasamu, akamtazama baba yake kwa ushindi. Lakini mzee ndiyo kwanza machale yakamcheza. Mtu gani anakadiria vyumba anavyolala?

Akaweka kikombe chini. "Mwanangu, una watoto?"

"Kama mmoja hivi, Baba."

Kijana alisikia alichokisema, akaanza kucheka peke yake. Hakuna aliyemsaidia.

"Zulia tulilipima," mzee akasema taratibu, "na kipimo kina kama yake. Mtoto hapimwi, anahesabiwa. Mtoto hana kama."

Binti hakuwahi kuambiwa hata habari za huyo mmoja. Alikuwa amesimama na sinia.

"Mjibu baba," akasema. "Ni mmoja au si mmoja?"

Kijana akainamia zulia.

"Mmoja ameshazaliwa," akasema. "Mwingine bado."

Mzee alikuwa ameshuku tangu siku ya kwanza, na sasa alitamani kweli angekuwa amekosea. Hakuthubutu kumtazama mwanawe. Alimsikia tu akikusanya vikombe, kile cha mgeni kikiwa bado kimejaa.