Barua Kutoka Chuo cha India

Miaka ile ya tisini, mjukuu wangu wa kike aliomba chuo cha uhandisi India, kwa sababu alitaka kujenga madaraja. Kisha akaenda Lambwe kumsaidia shangazi yake kuvuna. Barua ikafika kwangu Homa Bay akiwa bado Lambwe. Jirani yangu mwalimu angenisomea, lakini mimi sifungui barua ya mtu. Nikaiweka kabatini.

Aliporudi baada ya wiki tatu, aliisoma amesimama.

“Dani,” akaniita, yaani nyanya kwa Kijaluo, “walinichukua. Walitaka jibu kufikia Ijumaa iliyopita.”

“Si uwaandikie sasa?”

“Wamesema asiyejibu, nafasi anapewa mwingine.”

Nilingoja anilaumu. Akaniuliza kama nimekula, akaingia jikoni kuwasha moto. Mpaka leo sijamwomba msamaha.