Mpagazi Aliyeomba Kivuli

Ninayoyaeleza hapa yalinikuta mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu, tena asubuhi, jua likiwaka. Hutaki kuamini, sawa. Ila nisikilize hadi mwisho.

Mimi ni mchoraji, nakaa Isevya, hapa Tabora mjini. Kila mwaka kabla ya mvua, miyombo inapotoa majani mapya mekundu kama shaba, huenda Kwihara kwa shangazi yangu, nikaingia porini na rangi zangu. Umewahi kuuona mwanga wa saa moja asubuhi ukipenya kwenye majani yale? Pori zima huwa kama limewashwa taa kwa ndani.

Siku hiyo nilikuwa nimeshamaliza miti, nahangaika na mwanga tu, nikahisi kuna mtu nyuma yangu. Alikuwa mzee mrefu, begani ana mzigo uliofungwa kwa kamba za magome. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu mwenye kiu. Akaniuliza nafanya nini, nikamweleza. Aliitazama picha muda mrefu, kisha akasema, "Nimetembea sana, mwanangu. Nichoree kivuli nipumzike."

Nilidhani ni utani, maana vivuli vilikuwa tele. Ndipo nikamwangalia vizuri. Alikuwa amesimama chini kabisa ya mti, na bado jua lilimwangukia mwili mzima, kana kwamba majani yale hayapo.

Unadhani nilikimbia? Niamini, sikuogopa hata kidogo. Nilijisikia kama mtu anayesinzia baada ya kuoga. Nikachanganya buluu na kahawia, nikamchorea kivuli kizito chini ya mti mkubwa. Nilipoinua macho hakuwepo. Nilipoyarudisha kwenye picha, nikamkuta humo, ameketi, mzigo ameutua kando, anajifuta uso.

"Pana nafasi," akasema kutoka mle mle. "Kaa nawe."

Na mimi nilitaka. Hilo ndilo ninaloona aibu kulisema. Mkono ukaanza kuchora mguu, mguu wangu wa kushoto na kandambili yake, na kila nilipopaka rangi, ubaridi mtamu ulipanda kutoka unyayoni.

Shangazi, aliyekuwa ananiletea uji, anasema aliniita mara tatu. Alinikuta nimeinamia picha natabasamu, akaninyang'anya brashi. Hakupiga kelele. Aliiangalia picha, akamimina uji wote chini ya mti ule, akanishika mkono tukaondoka. Njiani ndipo aliponiambia kuwa barabara ya misafara ya zamani ilipita papo hapo, na wapagazi waliozidiwa na mizigo waliachwa pale walipoanguka.

Picha ninayo, nimeigeuzia ukutani. Mguu umepimwa hospitali mara mbili, hawakuona kitu. Lakini hadi leo ni wa baridi, hata nikiuweka karibu na jiko la mkaa, na mume wangu huusukuma kando tukilala. Kibaya zaidi, siuchukii ubaridi huo.

Basi wewe unayependa kwenda kuchora au kupiga picha katika pori lile, mtu akikuomba kivuli, mpe, kwa sababu kweli amechoka. Ila akikukaribisha kukaa, usikae. Ni pazuri kuliko unavyofikiri.