Benchi Lililokataa Mafuta

Haya ninayoandika yalinipata mimi mwenyewe, mchana, jua likiwaka. Sikuwa nimelala wala sikuwa nimekunywa kitu. Anayetaka kucheka acheke. Mimi bado sijaweza.

Nilikuwa kibarua kwenye boti ya matanga iliyopandishwa nchi kavu, ufukweni Butimba. Wenyewe ni familia ya Kagera. Binti yao, Koku, alianguka kutoka kwenye boti hiyo upepo ulipochafuka, na ziwa halikumrudisha. Baba alifanya kama kwao wanavyofanya mwili usipopatikana: wakazika mgomba badala yake, huko Kagera. Mama hakwenda. Alisema hawezi kulilia mgomba. Sasa baba alitaka boti iuzwe, mama akikataa. Koku akirudi, ataitafuta wapi?

Kazi yangu ilikuwa chumba cha ndani, chote mbao za mtiki. Unaosha kwa sabuni kidogo, unaacha zikauke kabisa, ndipo unapaka mafuta kwa kitambaa ukifuata mistari ya mbao. Mbao yenye maji hainywi mafuta.

"Bwana harusi," fundi alinitania kwa sababu siongei, "huko ndani zungumza na mbao, zenyewe hazitakucheka."

Benchi la kushoto lilikataa kukauka. Nililifuta, likatoa maji. Nikafuta tena, nikapaka mafuta, yakabaki juu kama jasho. Mvua haikuwa imenyesha. Maji yangetoka wapi?

Niligeuka kuchukua kitambaa kikavu mlangoni. Niliporudi kutazama, msichana alikuwa amekaa pale. Sweta ya kijani, nywele zimelowa, kiatu mguu mmoja. Nilidhani ni ndugu wa familia, nikainamisha macho kama kawaida yangu.

"Pole na kazi, kaka. Unafuta sana."

"Asante."

"Mwambie mama ule mgomba nimeukubali. Aende akanilaze. Nimechoka kungojewa."

Nilipoinua macho, hayupo. Niamini, mlango ni mmoja, na mimi ndiye niliyekuwa mlangoni.

Sasa mtu kama mimi, ninayeona haya hata kuomba chumvi mezani, ningeanzia wapi? Lakini nilikwenda nyumbani kwao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmemaliza?"

Nikamweleza yote, nikitazama miguu yangu. Hakulia. Akauliza taratibu, "Na viatu?"

"Kimoja, mama. Mguu wa kulia."

Akashika ukuta. Cha kushoto, aliniambia, kilikuwa kimeletwa na mawimbi. Alikiokota mwenyewe akakificha kabatini, hata mumewe hajui.

Nilingoja aseme atakwenda kaburini. Akasema, "Wewe hata hakujui. Mbona hakuja kwangu?"

Boti haikuuzwa. Kila asubuhi mama anapanda ngazi, anakaa kwenye benchi lile mpaka jioni. Limekauka sasa, kavu kabisa. Analipapasa akitafuta unyevu. Jua likizama baba anakuja kumchukua, wanaondoka bila kusemezana. Kule Kagera hajakanyaga. Mimi kazi ya boti niliiacha, sikuweza kumpita pale kila siku na ndoo yangu.

Nawe unayesoma, ukitumwa salamu na mtu wa namna ile, usikimbilie kuzifikisha ukidhani unapeleka faraja. Zamani mama yule alingoja akitumaini tu. Sasa anangoja akijua kwamba mwanawe anaifahamu njia.