Siku Mama Mkwe Alipovuka Pazia

Kuna siku moja naikumbuka kila ninapofunga vifungo vya shati, maana vidole hupita juu ya kovu langu la kifuani. Watu hudhani kovu hilo linanikumbusha madaktari. Linanikumbusha mama mkwe wangu, na hapo naona haya hata nikiwa peke yangu. Keti karibu, mwanangu, nikueleze. Nimekuficha jambo hili vya kutosha.

Wakati huo sikuwa mzee. Nilikuwa fundi wa vitanda pale Gikomba, mwenye mabega ya kubebea mbao na mdomo wa kugombana na kila mtu. Kisha moyo ukaanza vituko. Unakwenda mbio bila sababu, unaruka, unanyamaza kidogo, halafu unaanza tena ovyo ovyo, mpaka nikawa siwezi kupigilia misumari miwili bila kuketi. Daktari akasema mlango mmoja wa moyo umeharibika na mapigo yamevurugika. Wakanipasua kifua, wakautengeneza ule mlango, na humo ndani wakachoma vijia vilivyokuwa vikiyapotosha mapigo. Nikarudi nyumbani Kaloleni nikiwa siruhusiwi kuinua hata sufuria ya chai.

Mke wangu, Rispa, aliniuguza siku za mwanzo. Lakini ni nguo zake za mitumba zilizokuwa zikitulisha, kwa hivyo ikabidi arudi sokoni, akamwita mama yake kutoka Vihiga aje anitazame mchana. Wewe uliyezaliwa mjini huenda ukacheka, ila kwetu mtu na mama mkwe wake hawapeani hata mkono. Basi chumba chetu tukakigawa kwa pazia. Mimi upande wa kitanda, yeye upande wa jiko, na usiku analala kwa jirani. Uji aliuweka juu ya stuli kando ya pazia, akikohoa kidogo ili nijue umefika.

Hospitalini walikuwa wameniambia nikumbatie mto kila ninapokohoa, ili mfupa wa kifua usitikisike. Mama alisikia nikiugulia na mto wetu mkubwa uliolegea, akakata kitenge chake, akanishonea mto mdogo, mgumu. Huo nao aliuacha juu ya stuli.

Rispa alikuwa amenikataza kuoga kabla yeye hajarudi. Mimi nilikuwa mbishi. Mtu mzima kama mimi nisubiri kuogeshwa? Asubuhi moja nikavuta karai la maji, nikavua nguo zote, nikainama. Moyo ukaanza zile mbio zake za zamani. Ningeweza kumwita mama, sauti nilikuwa nayo bado, lakini niliona aibu. Nikang'ang'ania meza mpaka giza likaniingia machoni, nikaanguka pamoja na karai.

Nilipozinduka, mama alikuwa upande wangu wa pazia. Uso ameugeuzia ukutani, mkono mmoja unanifunika kwa leso yake, wa pili umenishika kichwa.

"Mama, toka," nikamwambia. "Toka nje."

"Nitatoka, Baba Mercy," akajibu akiutazama ukuta. "Pumua vizuri kwanza, halafu nitatoka."

Kisha akapaza sauti kumwita Hassan, jirani yetu, ambaye alikuja mbio akanibeba nikiwa nimefungwa ile leso. "Tulia, boss, usiongee," Hassan akasema. "Gari iko hapo nje." Hospitalini waliutuliza moyo kwa dawa, wakanilaza.

Jioni Rispa akafika wodini akihema. Hassan alikuwa amesharudi kazini. Mama alikuwa amesimama kando ya mlango, mbali nami kama desturi inavyotaka.

"Nani alimpata?" Rispa akauliza.

Nikawahi kujibu. "Hassan."

Rispa akamgeukia mama yake. "Na wewe, Mama, ulikuwa wapi? Nimekuachia mtu mmoja tu wa kuangalia, anaanguka peke yake mpaka jirani ndiye anasikia?"

Mama akaniangalia mara moja tu, kisha akaangalia chini. "Nilikuwa nje naanika nguo," akasema. "Nisamehe, mwanangu."

Nilisikia mama wa watu akimwomba bintiye msamaha kwa kosa ambalo hakulifanya, huku leso yake ingali chini ya shuka langu, imenifunika. Nikafumba macho, nikajifanya nimelala.

Kesho yake alipanda basi akarudi Vihiga, na Rispa hakumsindikiza. Simu zao zikapungua, zikawa za salamu tu. Mimi nikapona, nikarudi kupiga randa, na kila aliyenipongeza pale Gikomba alinichoma bila kujua. Nilijiambia nitasema wiki ijayo. Nilisema hivyo miezi mingi. Mpaka Rispa aliposema Krismasi hiyo hatuendi kwao, maana hana hamu ya kumwona mama yake, ndipo nikaisukuma sahani kando. Nikamweleza yote.

Hakunifokea, na heri angenifokea. Aliketi juu ya robota la nguo, akapiga simu. "Mama, mbona hukuniambia?"

Nilisikia sauti ya mama ikitoka kwenye simu, ya polepole. "Nilikuja kumuuguza, sikuja kumwaibisha. Yuko hapo? Muulize kama bado anakohoa. Na kama ule mto anao."

Nilikuwa nao. Nililia mbele ya mke wangu nikiwa nimeukumbatia kifuani.

Krismasi tulikwenda. Nikasimama uani kwake, mbele ya wanawe na majirani zake, nikasema ni nani aliyeniokota sakafuni na nilikuwa katika hali gani. Yeye alikuwa jikoni, hakutoka. Lakini sufuria zilinyamaza mpaka nikamaliza.

Basi, mwanangu, nakuusia hili. Ukiugua, ita mtu mapema, hata ukiwa uchi. Na ukishapona, mtaje aliyekuinua, tena mbele ya watu, usimwachie lawama ili wewe ubaki na heshima. Mimi mwili wangu haukuwa na kosa lolote siku ile. Ulimi wangu ndio ulionitia aibu, na huo hakuna daktari aliyeupasua. Mungu akujalie mapigo yaliyotulia. Na siku utakapoanguka, akupe mtu wa kuvuka pazia, kisha akupe moyo wa kulitaja jina lake.