Jivu Chini ya Mpini

Kazi yangu Doha ni kusema hapana kwa niaba ya watu ambao sijawahi kuwaona. Duka letu liko Abu Hamour, duka la vifaa vya kuwindia: bunduki za marisau, darubini, mahema, vikofia vya kuwafumba vipanga macho. Mbele wamekaa wauzaji wenye tabasamu. Nyuma, karibu na choo, nimekaa mie wa Tanga na meza yangu ya waranti. Mteja kitu kikimharibikia ananijia mimi, mimi namwandikia kiwanda huko ng'ambo, na kiwanda kinajibu kwa adabu kubwa kwamba hakitafanya kitu. Kumtazama mtu usoni na kumwambia hivyo, hiyo ndiyo sehemu yangu. Jioni narudi Al Mansoura ulimi umekufa ganzi, mwenzangu wa chumbani akinisemesha namjibu kwa nyusi.

Siku aliyokuja yule mzee nilikuwa nimechoka tangu kabla ya chai. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi hadi imesimama, akaanza kwa Kiarabu, nami nikamjibu kwa Kiarabu changu cha kuokoteza. Simu yangu ikalia. Nikamwambia mwenzangu wa chumbani kwamba maharage yamo kwenye friji, ayapashe, na asinitie wazimu mchana huu. Nilipokata simu, mzee alikuwa anacheka. Akaniuliza kama maharage yenyewe ni ya nazi, kwa Kiswahili cha Unguja, kile cha zamani. Alizaliwa huko, akahamia huku kijana. Nikasimama, nikamwamkia shikamoo babu, naye akaniitikia marahaba mwanangu. Hapo ndipo nilipoharibikiwa, maana baada ya shikamoo huwezi tena kumtolea mtu sauti ya ofisi.

Akanionyesha kibali cha polisi cha kutembea na silaha, kisha akafungua boksi la karatasi ngumu lililochakaa. Ndani mlikuwa na rivolva, bastola ile ya silinda inayozunguka, kongwe kuliko sisi sote dukani. Inang'aa kama sinia la harusi. Ilikuwa ya mkwewe, baba wa mkewe, na katika vitu vyote vya marehemu ndicho kilichobaki. Hata picha yake hawana. Nyundo yake ilikuwa imelegea, springi imekatika. Ofisi ya leseni ilikuwa imempa hadi mwisho wa mwezi: ama alete karatasi ya kiwanda kusema bastola ni salama, ama aisalimishe ikayeyushwe. Na kwenye kifuniko cha boksi kiwanda kilikuwa kimeahidi kuidhamini kazi ya mikono yake milele.

Risasi hawakuwa nazo, wala hawakutaka. Aliitaka kwa ajili ya mkewe. Bibi alikuwa amepotewa na kumbukumbu, watoto wake mwenyewe anawauliza ni wa kwa nani. Lakini kila Alhamisi baada ya alasiri anakaa mkekani na vyombo vyake vya shaba, chetezo, mrashi, buli, na rivolva ya babake, anavisugua kwa jivu na ndimu kama alivyofundishwa utotoni. Akimaliza anaizungusha silinda karibu na sikio, anasikiliza ka, ka, ka, anatabasamu, kisha anaomba kahawa. Siku hiyo ndiyo anayokula vizuri. Mzee alinieleza haya yote huku akiangalia kalenda ya ukutani, si mimi.

Nikavaa miwani nitafute namba ya kiwandani, maana bila namba kiwanda hakikujui. Nikaigeuza huku, nikaigeuza kule. Hakuna namba. Chuma ni laini kabisa, kama kijiko cha bibi. Ndipo akili ikanijia: maisha mazima ya jivu na ndimu. Namba alikuwa ameisugua mpaka imekwisha, kwa usafi na mapenzi! Jamani, nilitaka kucheka nikataka kulia, mwisho nikakasirika tu, na hata sijui nilimkasirikia nani.

Mudiri, ndiyo meneja wetu, alipoona aliruka. Silaha isiyo na namba ni mali ya wezi, akasema, iende polisi leo hii. Nikamwambia leseni mzee anayo, umri wake anauona, mwizi gani anakuja na boksi na kibali. Akaniambia dhamana ni juu yangu. Haya, nikasema, iwe juu yangu, kwani lipi lisilo juu yangu hapa.

Nikawaandikia kiwanda kwa barua pepe, nikaeleza kila kitu, hata jivu. Wakanijibu kwa upole ule ule. Waranti ni ya mnunuzi wa kwanza, na huyo ni marehemu. Modeli hiyo waliacha kuitengeneza zamani, springi hazipo, wazee waliozijua wamestaafu, na silaha za umri huo hawazipokei. Kwa kujali wateja wao, watampunguzia bei akinunua mpya. Nilipomweleza, mzee alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza kama na mke mpya watampunguzia. Akacheka peke yake, mimi sikuweza.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nikampelekea fundi wetu, Mhindi wa Kerala asiyependa maneno. Akafungua skrubu, akaung'oa mpini wa mbao. Chini yake mlikuwa na jivu, limejaa na kukauka, la miaka na miaka. Akalikwangua kwa kijiti. Pale ambapo kitambaa cha bibi hakikuwahi kufika, namba ilikuwepo, na ililingana na ile ya kwenye leseni.

Nikapeleka picha ofisi ya leseni. Wakakubali kwamba bastola ni yenyewe, lakini salama si salama. Njia ikabaki moja: izibwe mtutu na ichomelewe kila kinachosogea, isifyatue tena hata siku moja, halafu inaweza kukaa nyumbani kama pambo. Kila kinachosogea, maana yake na silinda. Nilimwomba fundi aiache silinda izunguke, akatikisa kichwa, sheria ni sheria. Basi nikampigia mzee. Nikamweleza, na la silinda nalo.

"Itang'arishika?" akauliza.

Nikasema itang'arishika, babu. Akasema tuichomelee.

Alhamisi nikampelekea mwenyewe nyumbani kwake Al Rayyan kwa gari la duka, na karatasi zake. Bibi alikuwa amekaa mkekani, mdogo, mikono myeusi kwa jivu. Akanipokea kama aliyekuwa ananisubiri, akaniuliza wa kwa nani weye, nikamtajia ukoo wetu wa Tanga, akasema anawajua, ni watu wazuri. Hawajui hata kidogo. Akaipokea rivolva, akaisugua taratibu, kila upande, na ndimu ikanukia chumba kizima. Mie nilikuwa naomba Mungu nipewe ruhusa ya kuondoka kabla hajamaliza. Akamaliza. Akaiinua hadi sikioni, akaweka kidole gumba kwenye silinda, akasukuma. Haikwenda. Akasukuma tena. Uso wake ukaanza kuvurugika kama wa mtoto aliyepotea sokoni, akamtazama mumewe.

"Baba hasemi," akasema.

Mzee alikuwa ameshajisogeza nyuma ya bega lake. Aliuweka mdomo karibu na sikio la mkewe, na kwa ulimi, polepole, akapiga: ka, ka, ka. Kilemba kilikuwa kimemteremka upande mmoja, macho ameyafumba, na aliendelea hadi kile kidole gumba kikatulia juu ya chuma.

Bibi akatabasamu, akaomba kahawa.

Mlangoni nilimuuliza kama atafanya hivyo kila Alhamisi. Akaniambia amefanya mazoezi wiki nzima msalani, asisikiwe, na meno ya bandia yanamsumbua. Kisha akaniaga, akarudi ndani haraka, kahawa ilikuwa inachemka. Nilirudi dukani nikakuta watu wanasubiri mezani, na wa kwanza alishika darubini iliyovunjika, ameshaanza kunieleza kuhusu waranti.