Mshenga Aliyesasisha Simu Asubuhi ya Posa

Nilisikia "tilin!" kabla sijafumbua macho, sauti nyembamba iliyotoka chini ya mto kwenye nyumba ya wageni pale Igowole, Mufindi, na laiti ningekuwa kiziwi asubuhi ile nisingekuwa na aibu hii ninayowasimulia leo, aibu ambayo hadi sasa nikiikumbuka nikiwa naoga najikuta naguna peke yangu bafuni kama mzee mwenye jino bovu.

Ilikuwa simu yangu. Iliniarifu kwa adabu zote kwamba sasisho jipya lipo tayari, kwamba nitapata kasi na usalama, na chini yake kulikuwa na kitufe cha kijani kimeandikwa "Sakinisha sasa". Mtu mwingine angegeuka upande wa pili akalala. Lakini mimi ndiye ninayeitwa na nusu ya mtaa wetu pale Soweto, Mbeya, kila simu inapogoma, na fundi haachi sasisho likae (ufundi wenyewe nimejifunza kwa kubahatisha, ila hilo majirani hawalijui). Nikabonyeza.

Sasa niwaambie nilikuwa Igowole kufanya nini, ndipo mtaelewa ukubwa wa ujinga wangu. Nilikuwa mshenga. Rafiki yangu Gwakisa, tuliyekua naye nyumba ya jirani, alikuwa anataka kumuoa Upendo, binti wa huko Mufindi, na posa yake ilikuwa imesharudishwa mara moja. Mara ile ya kwanza aliipeleka barua kaka yake, kijana mtupu, bila mzee yeyote nyuma yake, na Mzee Mgaya, baba mkubwa wa Upendo, aliikunja barua ile na kusema yeye hapokei posa ya watoto, anataka kusikia kauli ya baba mzazi, na wakija tena na hadithi wasirudi. Baba yake Gwakisa alikuwa amevunjika mguu, hawezi kusafiri. Basi tukaamua nimrekodi kwenye simu, dakika nne za sauti ya mzee akiomba binti, ili tusitegemee mtandao wa milimani. Tulijiona wajanja kweli.

Waifai ya nyumba ile ya wageni ilikuwa na karatasi ukutani: "Ni ya meseji tu. Anayeshusha vitu vikubwa atafungiwa." Nilikuwa nimeisoma jana yake, nikacheka. Sasisho likashuka taratibu, asilimia arobaini, sitini, mia, simu ikazima, ikawaka, ikanisalimia kwa lugha nyingi kama mgeni asiyewahi kuniona, halafu ikaandika: "Unganisha intaneti ili kukamilisha." Nikaunganisha. Waifai ikanikataa. Nikamfuata mama mwenye nyumba jikoni.

"Mama, waifai imenigomea."

"Haijagoma, mwanangu. Imekufungia. Hukusoma?"

"Nilisoma, mama, ila…"

"Basi kunywa chai."

Laini yangu nayo ilikuwa ikionyesha kijiti kimoja cha mtandao, kinachungulia, kinapotea, kinachungulia. Skrini haikuniruhusu kufungua chochote, wala rekodi, wala orodha ya namba. Ilikubali kupiga simu sehemu moja tu, kituo cha polisi, na mimi sikuwa na kesi (wakati huo). Ningesema ukweli mapema, yote yangeishia hapo. Badala yake nikavaa suti ya kuazima, nikatia simu mfukoni huku duara la kusubirisha likizunguka kwenye skrini, nikajiambia hadi nifike itakuwa imeshatulia.

Nyumba ya kina Upendo iko juu kidogo ya barabara, mashamba ya chai yameizunguka pande tatu, na asubuhi ile ukungu ulikuwa umelala juu ya chai kama mtu aliyechoka. Ndani kulikuwa na moto, harufu ya viazi vya kuchemsha, na wazee sita wamejifunika mablanketi mabegani. Mzee Mgaya akanionyesha kigoda.

"Kamwene," nikawasalimia kwa lugha yao, nikijikaza.

"Kamwene. Kaa. Kwetu hapa mshenga akishakalia hicho kigoda hainuki mpaka apewe jibu. Akiinuka kabla, amejirudishia posa yake mwenyewe. Umenielewa?"

"Nimeelewa, baba."

Barua ikafunguliwa, ikasomwa, vichwa vikatikisika vizuri. Kisha Mzee Mgaya akanigeukia, akasema, "Haya. Baba yake yuko wapi tumsikie?"

Nikatoa simu. Duara linazunguka. Nikasema inawaka. Wazee wakasubiri. Nikasema inamalizia. Mzee mmoja akauliza kama hiyo simu nayo imevunjika mguu. Nikacheka kuliko wote, na jasho likinitiririka ndani ya suti kwenye baridi ile ya Mufindi, nikaona ghafla vijiti vya mtandao vimekuwa viwili, upande wa mlangoni, na hapo, ndugu zangu, akili iliniacha. Niliinuka. Nikafuata vile vijiti viwili hadi kizingitini, nikavuka uwanja, nikapanda kilima katikati ya chai nikiwa nimeinua simu juu kama mtu anayemulika mbingu. Wachumaji chai wakasimama na vikapu vyao kunitazama.

"We kaka, unatafuta nini?" mmoja akaniita.

"Mtandao!"

"Huko ulishahama. Siku hizi uko kanisani!"

Wakacheka mpaka kilima kikaitika. Nikageuka niwaulize kanisa lenyewe lipi, viatu vikaniponyoka, nikashuka mteremko mzima kwa makalio, suti ya watu ikigeuka rangi ya udongo, na nilipofika chini ndipo kile kigoda kikanijia akilini.

Nilirudi mbio. Shangazi Anna, dada yake Mzee Mgaya, mwanamke mrefu mwenye kilemba cheusi, alikuwa amesimama mlangoni akitangaza kwa sauti, "Mshenga katoroka!" Ndani, Mzee Mgaya alikuwa anaikunja barua. Aliikunja polepole, kama anakunja shuka la marehemu. Nyuma ya mlango wa jikoni nikasikia mtu anavuta kamasi, na nikajua ni Upendo, maana posa ikirudi mara ya pili hairudi tena, na aliyelala njaa kwa kuisubiri ni yeye, siyo mimi.

Nikapiga magoti pale pale na matope yangu. Nikasema ukweli wote: kitufe cha kijani, waifai, karatasi ya ukutani, rekodi iliyofungiwa ndani. Sikuacha kitu.

"Yaani," akasema Mzee Mgaya, "umeondoka Mbeya na simu nzima, ukaiharibu kwa mikono yako, hapa hapa kwetu?"

"Ndiyo, baba. Nilitaka iwe bora zaidi."

Mzee mmoja akakohoa kuficha kicheko. Shangazi Anna akaniangalia kuanzia viatuni hadi kichwani.

"Kwani huyo baba hana simu ya kupigiwa?"

"Anayo, shangazi. Ila namba zote ziko humu."

"Huna hata moja kichwani? Hata ya mama yako?"

Ya mama ninayo. Mama hajabadili namba tangu nikiwa shule ya msingi, na nyumba yake na ya kina Gwakisa zinatenganishwa na ua wa matete tu. Shangazi akaenda dirishani, ambako kitochi kilikuwa kinaning'inia ndani ya soksi ya sufu (simu ya nyumba ile inaishi pale, ukiitoa mtandao unakatika), akabonyeza namba nilizomtajia, akaweka spika.

"Haloo?"

"Mama, ni mimi."

"Lusajo! Mbona namba ngeni? Umeigusa tena hiyo simu? Umeiapdeti! Si nilikuambia? Si uliua na yangu, picha za marehemu bibi zikapotea zote? Na suti ya watu umeitunza?"

"Mama, wazee wanasikia…"

"Wacha wasikie! Wazee, shikamooni. Huyo mtoto ana moyo mzuri, mikono tu ndiyo hairuhusiwi kushika vitu."

Hapo hata Mzee Mgaya alishindwa. Alicheka mpaka blanketi likamtoka mabegani. Tukamsikia mama anavuka ua, kuku wakipiga kelele, mlango, kisha pumzi nzito ya mzee anayejiinua kwa magongo, maana baba yake Gwakisa alikataa kuongea na wakwe akiwa amekaa. Hakusema yale ya kwenye rekodi. Kwenye rekodi alikuwa anasoma. Sasa alisema kwamba mguu umemfunga lakini roho yake iko pale chumbani, kwamba anaomba mtoto na atamlea kama aliyetoka kiunoni mwake, na kwamba posa ya kwanza ilikosewa na yeye, asilaumiwe kijana. "Ndaga fijo," akamalizia, ile asante kubwa ya kwetu, na sauti ikamkatika. Si mtandao uliokatika.

Tangu siku hiyo nimeapa, na mnishuhudie: sibonyezi kitufe cha kijani siku yenye jambo la mtu, na namba kumi nimezikariri kama sala. Majirani wakiniletea simu nawauliza kwanza kesho wana shughuli gani.

Mzee Mgaya alifungua barua upya, akailaza magotini, akaita kuelekea jikoni, "Upendo! Watu hawa umewasikia mwenyewe. Unawataka hivyo hivyo?"

Mlango wa jikoni ukafunguka kidogo.

"Nawataka, baba. Ila simu nitashika mimi."

"Jibu umelipata, mshenga," akasema mzee. "Sasa ndiyo uinuke."

Shangazi Anna akaniwekea viazi vya moto mifukoni, akanigeuza kwa mabega na kunisukuma nje kwenye jua lililokuwa linaufukuza ukungu, akisema yaliyobaki ni ya wanawake. Sikufika hatua ya pili kabla vigelegele havijaanza, akavuta mlango nyuma yangu, na komeo likaingia.