Mnong'ono wa Baba

Juzi daktari alinionyesha kwenye skrini nyuzi mbili za sauti ndani ya koo langu, zikigusana na kutetemeka kila niliposema "aa." Nikamkumbuka baba.

Alasiri aliyorudi kutoka kizuizini, enzi za wakoloni, nyumba yetu kule Bahati ilinuka moshi na maua ya pareto yaliyoanikwa. Aliniinamia, shingo ina kovu la kamba, akaninong'oneza, "Wambui, niletee maji."

Sikujua kwamba kamba ile ilikuwa imeziponda nyuzi zake. Nilidhani ananipa siri. Nikakificha kikombe cha maji ndani ya sweta ili askari wa kijiji wasikione, nikamnong'oneza, "Hawajaniona, baba."

Alifungua kinywa acheke, ikatoka pumzi tupu. Mama akaanza kulia.

Nikamziba mdomo kwa kiganja. "Nyamaza, mama. Watatusikia."